Kazi Ujerumani bila wakala: nyota zangu kwa Make it in Germany, watu wa Bonn na IHK FOSA

Nianze na nyota, maana najua wengi huishia hapo. Tovuti ya Make it in Germany naipa nne kati ya tano. Kituo cha ushauri wa vyeti kilichoko Bonn, ZSBA, tano zote. IHK FOSA wa Nürnberg, wale wanaopima cheti chako, nne. Moja nimewakata kwa Kijerumani cha barua zao. Matangazo ya kazi ya Bundesagentur für Arbeit, ofisi ya ajira ya serikali ya Ujerumani, tatu. Wakala wa Dar aliyetaka milioni sita ili "aniunganishe" hana nyota, na jina lake silitaji.

Mimi ni fundi umeme, mwanamke, mzaliwa wa Tanga. Nina diploma ya Arusha Technical College na nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha unga kabla ya kuondoka. Sasa hivi nashughulika na mota na paneli kwenye kiwanda cha maziwa huku jimbo la Hessen. Kila wiki napokea swali lile lile: "Dada, wakala gani alikupeleka?" Hakuna wakala. Nilitumia huduma ambazo serikali ya Ujerumani inazitoa bure au kwa ada inayojulikana, nikiwa nyumbani, kwa simu na kompyuta ya kuazima. Kwa hiyo hii ni tathmini ya huduma hizo, kwa mtu aliyezitumia mpaka akapata mkataba.

Wakala nimmalize haraka. Ofisi yake ilikuwa Sinza, na ukutani kulikuwa na habari ya gazeti iliyowekewa fremu kuhusu "nafasi 250,000 Ujerumani". Hiyo ni ile ya Septemba 2024, Kenya na Ujerumani waliposaini makubaliano ya uhamiaji kule Berlin. Idadi ile wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilijitokeza hadharani na kuikana. Makubaliano hayana idadi yoyote ndani yake. Isitoshe ni ya Kenya. Mtanzania anayauziwaje? Nikamuuliza mwajiri ni nani, akasema utamjua ukishafika. Bahasha yenye diploma yangu aliiweka pembeni bila kuifungua, kisha akainama kidogo kama mtu anayekupa siri: "Ila kwa wewe dada ipo ya haraka, Oman, kazi za ndani, mwezi huu huu unapanda ndege." Nikachukua bahasha yangu. Kwa taarifa yenu, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Mwenye kulipa ni anayetafuta mfanyakazi.

Tuje kwenye tovuti. Make it in Germany ni ya serikali ya shirikisho, ipo tangu 2012. Kiswahili haina. Kiingereza kipo, tena chepesi, aliyemaliza kidato cha nne na kamusi pembeni anaelewa. Ukiingia usikimbilie sehemu ya kazi. Kuna kitu wanakiita Quick-Check: unajibu maswali machache kuhusu uraia, elimu, mkataba unao au huna, Kijerumani chako kimefika ngazi gani, kisha unaonyeshwa viza zinazokuhusu. Kwangu zilitokea zaidi ya moja, na kila moja ina masharti yake, pesa zake na ofisi yake. Huko Sinza yote yalikuwa "viza ya kazi", basi.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba haimbembelezi mtu. Fani nyingi zinahitaji mafunzo yanayotambulika na serikali ya nchi yako, angalau ya miaka miwili, au digrii. Hilo unaambiwa mapema. Kama ufundi umeupata kwa mjomba gereji, au una kozi ya miezi mitatu, utazunguka kurasa zote na utaona hakuna ulioandikiwa wewe. Inauma, lakini ni nafuu kuumia bure ukiwa sebuleni kuliko baada ya kuuza kiwanja. Nyota niliyoikata ni kwa sababu tovuti ni pana mno na kila ukurasa unakutupa kwenye tovuti nyingine: ya vyeti, ya kazi, ya ubalozi. Siku za mwanzo nilikuwa nafungua madirisha mpaka bando linakata sijasoma hata moja mpaka mwisho.

Sehemu ya kazi ndiyo iliyonichosha. Matangazo yake yanatoka Bundesagentur für Arbeit. Andika "Elektroniker", yaani fundi umeme, na yatamiminika. Mafundi umeme ni kati ya fani ambazo Ujerumani inawatafuta kweli, siyo porojo. Lakini soma vizuri nani ametangaza. Nyingi ni za kampuni za Zeitarbeit: wanakuajiri wao, halafu wanakukodisha kwa viwanda vingine. Kwa Mjerumani au mtu wa Umoja wa Ulaya hakuna shida. Kwa mimi na wewe ipo, na ni kubwa. Sheria yao ya ukaazi, kifungu cha 40, inaitaka Bundesagentur ikatae kibali pale mtu wa kutoka nje ya Ulaya anapoajiriwa ili akakodishwe. Kampuni inaweza kukupenda, ikakufanyia usaili, ikakutumia mkataba mzuri, na viza ikakwama hapo hapo. Kwa nini jambo zito hivi haliandikwi kwa herufi kubwa juu ya kila tangazo, sijui. Kwenye ukurasa wa Bundesagentur wenyewe wa kutafuta kazi kuna kichujio cha kuondoa Zeitarbeit. Kibonyezeni kabla ya kitu kingine chochote. Orodha yangu ilipungua vibaya sana, ila iliyobaki ilikuwa ya kweli.

Halafu kuna ukimya. Nilituma maombi, sikujibiwa. Nikatuma tena kwingine, sikujibiwa, au nikapata ile barua ya mistari minne ya kukutakia mafanikio uendako. Nilikuwa na wasifu mzuri wa Kijerumani, kurasa mbili, wa mpangilio wa jedwali kama wanavyoupenda, picha juu, vyeti vyote vimeunganishwa kwenye faili moja la PDF. Tatizo halikuwa hapo. Mwenye kiwanda cha watu arobaini kule Hessen anaona "Arusha Technical College" na hana namna ya kujua ni diploma ya miaka mitatu yenye karakana, au ni karatasi tu. Hana muda wa kuchunguza. Mpaka nilipoambatisha karatasi ya IHK FOSA ndipo watu walipoanza kujibu. Kwa maoni yangu huu ndio mpangilio: karatasi ya utambuzi kwanza, maombi ya kazi baadaye. Watu wengi wanaanza na maombi, wanakata tamaa, wanarudi Sinza.

Na hapo ndipo wanapoingia wale wa Bonn. ZSBA ni kitengo cha Bundesagentur kilichoanza 2020 mahsusi kwa watu walioko nje ya Ujerumani wanaotaka vyeti vyao vitambuliwe. Unawafikia kwa kupitia simu ya ushauri iliyotajwa kwenye Make it in Germany, au kwa barua pepe, na Kiingereza wanazungumza. Hawatozi kitu. Nilidhani nitajibiwa na mashine. Nikapewa mshauri, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, na akabaki kuwa wangu mpaka mwisho.

Swali lake la kwanza baada ya kusoma diploma yangu sikulitegemea: "Kazi zako zilikuwa za majumbani au za kiwandani?" Nikajibu, fundi umeme ni fundi umeme. Akasema huku sivyo. Kuna Elektroniker wa majengo, ambaye yuko chini ya chemba ya mafundi ya eneo analotaka kufanyia kazi, na kuna Elektroniker wa mitambo ya viwandani, ambaye anapimwa na IHK FOSA wa Nürnberg kwa nchi karibu nzima. Utakachochagua ndicho utakacholinganishwa nacho, somo kwa somo. Ningejiandikisha kwa majengo ningepimwa kwa vitu ambavyo nilivifanya wikiendi tu, kufunga waya kwenye nyumba za majirani. Kiwandani ndiko nilikokuwa kila siku. Swali moja hilo liliokoa mamia ya euro.

La pili lilikuwa barua ya kiwanda. Ofisi ya utumishi walikuwa wameniandikia ile barua yetu tunayoijua: fulani alikuwa mfanyakazi wetu, mwaminifu, mwenye bidii na nidhamu, tunamtakia kila la heri. Muhuri, saini, mistari mitano. Nilijivunia sana. Mama wa Bonn akasema kwa upole kwamba barua hiyo inaeleza tabia yangu na haisemi mikono yangu ilifanya nini. Sheria yao inaruhusu uzoefu wa kazi ufidie masomo ambayo diploma haikuyagusa, lakini uzoefu lazima uandikwe.

Nikarudi kiwandani kwa mzee wa karakana, aliyenifundisha kazi. Tulikaa kwenye benchi la kufungia mota, yeye anataja, mimi naandika. Mota za fezi tatu, kuanzia ndogo za kilowati moja na nusu za kusukuma nafaka mpaka zile kubwa za vinu. Kuwasha kwa sta-delta. Kubadilisha kontakta na relei za kulinda mota isiungue. Kusoma mchoro wa saketi na kutafuta hitilafu. Kupima insulesheni baada ya mota kufungwa upya. Jenereta ya akiba na swichi ya kubadilishia TANESCO inapokata. Ikawa ukurasa mmoja na nusu. Ofisi ya utumishi wakaipiga muhuri bila maneno mengi, kwa sababu kila kilichoandikwa kilikuwa kweli. Kama bado uko kazini Tanzania, Kenya, popote, iandike barua hiyo leo wakati aliyekusimamia bado yupo. Baada ya kuacha kazi, bosi akihama au kiwanda kikiuzwa, hakuna wa kukusainia.

IHK FOSA wenyewe ada yao ni kati ya euro 100 na 600, kutegemea ugumu wa kesi. Unatuma nakala zilizothibitishwa, tafsiri ya Kijerumani ya mfasiri aliyeapishwa, wasifu, uthibitisho wa uzoefu. Tafsiri ndiyo iliyonila pesa nyingi kuliko nilivyotegemea, tena mfasiri hulipwa kwa wingi wa maandishi, kwa hiyo ulizeni kwanza ni masomo gani ya transkripti yanahitajika. Kisheria wana miezi mitatu kutoa uamuzi, lakini saa inaanza kuhesabu nyaraka zikikamilika. Wakiandika kwamba silabasi ya mwaka wa pili haipo, saa haijaanza. Waliniandikia hivyo. Waliniandikia kwa Kijerumani ambacho hata mwalimu wangu alikisoma mara mbili, sentensi moja yenye urefu wa mbio za nyika. Nyota moja imekwenda hapo.

Uamuzi ulipokuja ulisema ninalingana kwa sehemu. Mama yangu aliposikia "kwa sehemu" akaanza kunipa pole. Nikamwambia asubiri. Karatasi ile inaorodhesha kile unacholingana nacho, na kile kinachopungua. Kwangu vilipungua viwili: kuprogramu SPS, yaani ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, na vipimo vya usalama kwa taratibu za VDE, chama chao cha viwango vya umeme. Mwajiri akiusoma ukurasa huo anajua hasa atakachonifundisha na kitachukua muda gani. Viza ipo kwa ajili hiyo: unaajiriwa, unafanya kazi huku ukijaza mapengo, na inatolewa kwa hadi miezi 24. Ukikamilisha, unahamia kibali cha fundi kamili.

Najua wengi mtauliza kuhusu Chancenkarte, kadi ya fursa iliyoanza Juni 1, 2024, ambayo TikTok ya Kiswahili imeigeuza kuwa tiketi ya bure. Kadi hiyo inakuruhusu kuingia Ujerumani kutafuta kazi mpaka mwaka mmoja bila mkataba. Ukifika unaweza kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, na kazi za majaribio za wiki mbili mbili. Ni ya pointi, unahitaji sita: cheti kilichotambuliwa kwa sehemu kinakupa nne, Kijerumani cha B1 (ngazi ya kati) mbili, umri chini ya miaka 35 mbili, uzoefu una zake. Pointi nilikuwa nazo na zikabaki. Pesa sikuwa nazo. Ni lazima uonyeshe kwamba utaishi bila kuomba msaada, na kwa 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi kumi na miwili: euro 13,092, zimekaa kwenye akaunti ya Sperrkonto ambayo unachota kidogo kidogo kila mwezi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 30. Aliye na ndugu Ujerumani wa kumsainia dhamana, au mwenye akiba, ni njia nzuri na siwezi kuiponda. Mtu wa kawaida mwenye fani adimu na B1 mkononi atafute mkataba akiwa nyumbani. Anayekuambia kadi hii haihitaji pesa anataka za kwako.

Kijerumani nilisoma Goethe-Institut pale Upanga mpaka B1. Walimu wazuri, mtihani mgumu wa haki. Ila darasani utajifunza kuagiza kahawa na kumweleza daktari unaumwa wapi. Hawatakufundisha jina la kontakta. Hayo nilijifunza mwenyewe usiku, kwa video za mafundi wa Kijerumani wanaofungua paneli huku wanaongea. Na bora nilifanya hivyo, kwa sababu ya usaili.

Ulikuwa wa video. Upande wao alikaa dada wa utumishi na Meister wa karakana, yaani fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Dada aliuliza ya kwake, kwa nini Ujerumani, nina familia, naweza shifti za usiku. Meister akakaa kimya mpaka amalize. Kisha akaniuliza kitu kimoja: kanuni tano. Kila anayeshika umeme Ujerumani anazijua kwa mpangilio kama sala. Kata umeme. Zuia usirudishwe. Hakikisha hakuna volti. Unganisha ardhini na ufunge saketi fupi. Funika sehemu za jirani zilizo na umeme. Nilizitaja kwa Kijerumani chao, moja baada ya nyingine, na kwenye ile ya pili nikaongeza kwamba kiwandani kwetu kila fundi alikuwa na kufuli lake na funguo anatembea nayo.

Hapo akachangamka. Akashika simu yake mbele ya kamera, picha ya paneli ya zamani: waya nyekundu, njano, buluu, na nyeusi. Ni rangi za Kiingereza, tumezirithi, mafundi wa Tanzania tunazijua: nyekundu, njano na buluu ni fezi, nyeusi ni nyutro. Rangi za huku ni kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, na buluu ni nyutro. Yaani nyeusi iliyokuwa salama imekuwa fezi, na buluu iliyokuwa fezi imekuwa nyutro. Fundi mzuri wa Dar akija huku na macho ya nyumbani anaweza kujiua asubuhi ya kwanza. Akaniuliza buluu hii ni nini. Nikasema kwa rangi zile ni fezi, lakini paneli ya zamani imeshapitiwa na mikono mingi, siwezi kuishika kabla ya kupima. Akaandika kitu kwenye daftari. Mkataba ulikuja kwa barua pepe, na SPS imetajwa ndani yake, na nani atakayenifundisha.

Kampuni ikatumia utaratibu wa haraka wa wafanyakazi wenye ujuzi. Mwajiri anakwenda ofisi ya wageni ya eneo lake, analipa euro 411, wanakusanya idhini zote kule kule, kisha ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu baada ya kuomba. Wengi hawaujui utaratibu huu, hata waajiri wadogo. Mimi ndiye niliyewaambia wa kwangu, kwa kuwatumia kiungo cha ukurasa ule ule wa Make it in Germany, upande wa Kijerumani. Kwa hilo peke yake nyota nne ni halali. Ada ya viza pale ubalozini Dar, euro 75, nililipa mwenyewe.

Ya baada ya kufika sitayarefusha, tovuti inayaeleza vizuri: kuandikisha makazi, bima ya afya, namba ya kodi. Nitaje mawili ambayo haisemi kwa sauti ya kutosha. Mshahara kwenye mkataba ni brutto, yaani kabla ya makato. Kwa mtu asiye na ndoa wala watoto hesabu karibu theluthi itakatwa kabla haujagusa benki, kodi, afya, pensheni. Kabla hujamwahidi mtu nyumbani kiasi, hesabu netto, kile kinachobaki. Na viwanda vinavyotafuta mafundi mara nyingi havipo Berlin wala Hamburg. Vipo vijijini, basi la mwisho saa mbili usiku, na shifti ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili. Nilinunua baiskeli kabla ya kununua sufuria.

Wauguzi, msinifuate mimi. Njia yenu ni tofauti: IHK FOSA haiwahusu, mnakwenda kwa mamlaka ya jimbo, na Kijerumani chenu lazima kifike B2. Watu wa Bonn watawaelekeza, ni wale wale. Madereva wa malori, leseni zetu hazitoshi kuendesha kibiashara huku, someni ukurasa wenu taratibu kabla ya kulipa mtu. Na mliovuka miaka 45, angalieni sharti la mshahara, kwenu kipo kiwango cha juu zaidi au uthibitisho wa pensheni.

Wenye "mkataba" tayari mkononi, kuna huduma moja zaidi ya bure ambayo sikuiorodhesha juu: Handelsregister, daftari la makampuni la Ujerumani, mtandaoni, halilipiwi tangu Agosti 2022. Andika jina la kampuni uone kama ipo na iko mji gani. Binamu yangu wa Muheza alinitumia mkataba wa kampuni ya Hamburg, nembo nzuri, mshahara mnono kwa kufungasha chokoleti, chumba bure, na "ada ya bima" ya kulipa kwa simu kabla ya Ijumaa. Daftarini haimo. Barua pepe yao ni ya Gmail. Bado anasema pengine kampuni ni mpya. Nimempa mawasiliano ya Bonn na nimemwambia awasomee mkataba wote kwa simu, mstari kwa mstari, kabla hajatuma hata shilingi. Amesema atapiga Jumatatu.